Kabla ya Kutoa Advansi: Namna ya Kumwuliza Mungu Njia Ukiwa na Jambo la Kuamua

Bwana asifiwe. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko jirani na soko la Majengo hapa Dodoma. Jumatano jioni tunakutana kwa maombi nyumbani ninapopanga, Nkuhungu: akina mama tisa na baba mmoja. Kwa miaka yote tuliyokutana swali linaloletwa kuliko mengine ni hili: nitajuaje kwamba ni Mungu anayeniongoza? Wala haulizi mtu anayetaka kwenda kuhubiri nchi za mbali. Anauliza mama ambaye kijana wake amepangiwa kazi Katavi. Anauliza kijana anayetaka pikipiki ya mkataba, ile ya kulipia kidogo kidogo kila siku mpaka iwe yake. Anauliza binti aliyeletewa barua ya posa na watu wa Kondoa ambao nyumbani kwake hakuna anayewafahamu.

Nimeandika hapa hatua tunazofuata. Nyingi kati ya hizo nimezilipia kwa fedha taslimu.

Nianze na malipo hayo. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, jambo lililoamuliwa tangu 1973 na ambalo wengi wetu tulishalizoea kama hadithi ya babu. Safari hii ilikuwa kweli. Viwanja vikapanda bei, madalali wakaota kama uyoga. Mwaka uliofuata mmoja akatuonyesha kiwanja upande wa Nala, barabara ya Singida. Nikafunga siku tatu. Siku ya tatu nikasikia amani moyoni, nikatoa advansi ya shilingi 1,500,000, akiba ya miaka miwili ya kushona. Baada ya wiki tano mwenyekiti wa mtaa, ambaye ofisini kwake hatukuwahi kukanyaga, akatuambia sisi ni wa tatu kukilipia. Tulikutana pale wote watatu. Mmoja alikuwa mwinjilisti, naye alikuwa amefunga, tena siku saba.

Nilimnunia Mungu muda mrefu. Kilichonifungua macho ni Yoshua sura ya 9. Wagibeoni walikuja na viatu vilivyochakaa na mikate iliyokauka, wakajidai wametoka nchi ya mbali, kumbe ni majirani. Wana wa Israeli wakaikagua ile mikate, wakaridhika, wakafanya agano. Wala hawakutaka shauri kinywani mwa BWANA. Wao walikagua bila kuuliza. Mimi niliuliza bila kukagua. Tumetumbukia shimo moja. Tangu hapo naamini kukagua ni sehemu ya kuomba, na yote yanayofuata yamesimama juu ya neno hilo.

Hatua ya kwanza: Lilete jambo likiwa bado bichi

Dodoma ni mji wa ofisi, tunajua mhuri ni nini. Barua inaandikwa kwanza, mhuri unafuata. Wengi tunamwendea Mungu hivyo: barua imeshaandikwa, tunataka agonge tu. Kuna mama alituomba tumwombee kama achukue mkopo, hii mikopo ya mtaani tunayoiita kausha damu. Tuliomba kwa machozi. Baadaye tukagundua fedha zilikuwa zimeingia kwenye simu yake tangu asubuhi.

Chukua daftari, andika jambo lako kwa mfumo wa swali. Usiandike "Mungu anisaidie kupata pikipiki." Andika "Je, nichukue pikipiki hii ya mkataba?" Chini yake andika swali la pili: "Nikiambiwa hapana, Jumatatu nitafanya nini?" Ukikosa la kuandika hapo, hujaja kuuliza bado. Kaa na swali hilo la pili hata siku mbili, ndipo uendelee. Nimeona watu wakikwama kwenye mstari huo mmoja wiki nzima, na wengi walipojikwamua hawakuhitaji hatua zilizobaki.

Hatua ya pili: Futa yaliyokwisha kusemwa

Hii ni fupi. Kuna mambo ambayo hayahitaji mkesha. "Maana haya ndiyo mapenzi ya Mungu, kutakaswa kwenu," 1 Wathesalonike 4:3, na mstari unaendelea kusema wazi. Kama kazi hiyo utaipata kwa kumpa mtu bahasha, kama mkopo huo utaukopa kwa kitambulisho cha mwenzio bila yeye kujua, kama huyo kaka ana mke kijijini, funga daftari. Jibu ulikuwa nalo kabla hujapiga magoti.

Hatua ya tatu: Siku saba, daftari moja

Jambo la kawaida tunalipa siku saba. Likiwa kubwa, kama ndoa, tunalipa miezi, lakini mpangilio haubadiliki.

Siku ya kwanza na ya pili usiombe jibu. Soma Zaburi ya 25 polepole, "Ee BWANA, unijulishe njia zako," halafu mwambie Mungu unachokiogopa. Kiite kwa jina lake. Mimi wakati ule nilikuwa naogopa kuzeeka kwenye nyumba ya kupanga. Sikuwahi kulisema hilo mbele za Mungu hata mara moja, na ndilo lililonisukuma.

Siku ya tatu omba kana kwamba jibu ni ndiyo. Mshukuru, panga, ona maisha yatakavyokuwa. Siku ya nne omba kana kwamba jibu ni hapana. Ile siku ya nne ndiyo yenye kazi, maana hapo utajua moyo wako umejifunga wapi. Andika unavyojisikia bila kupamba.

Siku ya tano na ya sita unatoka kwenda kukagua, nitaeleza sasa hivi. Siku ya saba nenda kanisani, kula ugali wako na mlenda, lala. Usilizungumze.

Neno kuhusu amani, kwa sababu wapendwa tunalitumia sana: "nina amani nalo", "sina amani nalo". Ni kweli Wakolosai 3:15 inasema amani ya Kristo iamue mioyoni mwetu. Lakini soma mistari iliyo kabla yake: Paulo anazungumza na watu wanaochukuliana na kusameheana. Ni amani ya watu walio mwili mmoja, inayoonekana kwa jirani pia, si tumboni mwako peke yako. Na Yona alilala usingizi mzito ndani ya merikebu huku akimkimbia Mungu. Amani yangu ya Nala ilikuwa ya aina hiyo. Nilikuwa nimechoka kutafuta, nikaita uchovu wangu jina la Roho Mtakatifu.

Hatua ya nne: Toka ukakague

Hapa ndipo wapendwa wengi huona kama imani inapungua. Haipungui. Yesu mwenyewe ameuliza, katika Luka 14:28, ni nani atakaye kujenga mnara asiyeketi kwanza akahesabu gharama. Kuketi na kalamu kumetoka kinywani mwake.

Kama ni kiwanja, fanya haya kabla hujatoa hata shilingi elfu kumi ya "kushikia". Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, umwulize mwenyekiti au mtendaji kiwanja ni cha nani na kama kuna mtu mwingine ameshakiulizia. Wapitie majirani wa pande zote nne, mmoja mmoja, dalali asiwepo. Kama kimepimwa, chukua namba ya kiwanja uende ofisi ya ardhi ukahakikishe jina lililoko kwenye kumbukumbu ndilo jina la anayekuuzia. Tazama mawe ya mipaka kwa macho yako. Mwombe muuzaji aje na mke wake, au mume wake. Akianza kusema mwenzake amesafiri, nawe safiri.

Tena nenda wakati wa mvua. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi, na miezi iliyobaki kila ardhi inaonekana nzuri. Mwaka 2019 tulipata kiwanja kingine, bei nafuu, hati safi, muuzaji mtu wa heshima. Baba watoto akasema tusubiri mvua inyeshe. Februari tukaenda: maji yalikuwa yanakata katikati kama barabara. Hatukuhitaji ndoto. Tulisimama pale viatu mkononi tukamshukuru Mungu kwa kuongea nasi kwa lugha ya matope.

Mji wetu wenyewe, wazee wa Kigogo wanavyosimulia, ulipata jina kwa tembo aliyekwenda kunywa maji akazama kwenye tope, idodomya, palipozama. Mwenye miguu minne mikubwa hakupapima alipokanyaga.

Na kama unadhani kukagua ni kwa maskini tu, kumbuka Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga pale kwa matrekta, kwa kuwa kwao mafuta ya kula yalikuwa haba baada ya vita. Udongo ulikauka ukawa tofali, mvua haikutosha, na 1951 mpango ukaachwa huku mamilioni ya pauni yameshakwenda. Bibi yeyote aliyekuwa akipanda mtama na uwele pale angeweza kuwaambia habari za mvua.

Kwa posa, kukagua ni kwenda kwao. Nenda siku ambayo hawakutegemei, uone wanavyosemeshana. Mwulize mchungaji wake, waulize wapangaji wenzake. Nakumbusha kwamba yale matangazo ya ndoa yanayosomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo yana kazi hiyo hiyo: kanisa linawapa watu nafasi ya kusema wanachokijua. Siku hizi tunayasikiliza kama salamu.

Kwa pikipiki ya mkataba, zidisha. Hesabu ya siku, ile fedha unayompelekea tajiri mwenye pikipiki, mara siku za mkataba, linganisha na bei ya dukani. Kisha toa siku za kuugua, siku za gereji na siku za mvua. Kijana wetu mmoja alipozidisha alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, hapa nanunua pikipiki mbili nabaki na moja."

Hatua ya tano: Washauri watatu, wala dalali asiwemo

"Pasipo mashauri makusudi hubatilika, bali kwa wingi wa washauri huthibitika," Mithali 15:22. Sisi tunatafuta watatu. Wa kwanza ni mtu ambaye hatapata wala kupoteza chochote, ukiamua hivi au vile. Wa pili ni mtu aliyefanya jambo hilo likamshinda. Huyu tunamkwepa, na ndiye mwenye maneno ya thamani. Wa tatu ni mtu anayekufahamu kiasi cha kukukatalia. Kwangu ni shangazi wa mume wangu. Sikumwuliza habari za Nala kwa sababu nilijua atasema nini.

Wasikilize bila kujitetea. Andika maneno yao jinsi walivyoyasema.

Sasa, wako wanaokuja bila kuitwa: "Dada, Mungu ameniambia uolewe na huyu." "Mtumishi, nimeonyeshwa uache kazi." Maandiko hayaturuhusu kutweza unabii, lakini yanatuagiza katika pumzi hiyo hiyo tujaribu mambo yote. Soma 1 Wafalme 13. Mtu mmoja wa Mungu alikuwa na agizo lake: asile mkate wala kunywa maji mahali pale. Nabii mzee akamfuata, akamwambia malaika amesema naye, njoo ule. Alikuwa anadanganya. Yule mtu wa Mungu akala, na simba akamwua njiani. Kinachonishangaza ni kwamba yule mzee alikuwa nabii kweli, na baadaye neno la kweli likamjia pale pale mezani. Kwa hiyo usinipe cheo cha mtu kama sababu. Mtu akikuletea neno, mshukuru, liandike kwenye daftari pamoja na mengine, na liende likapimwe na hatua zote zilizotangulia. Akikataa lisipimwe, au akitaja sadaka ya kulifungulia, umeshapata kipimo chako.

Hatua ya sita: Ukitaka ishara, taka ishara yenye maana

Wapendwa tunampenda Gideoni wa Waamuzi 6 na ngozi yake ya kondoo, aliyoiweka nje usiku ili umande umpe ishara. Lakini Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Ngozi ilikuwa ya hofu yake. Mungu alimvumilia, hakutuwekea utaratibu. Kufumba macho na kufungua Biblia popote ni bahati nasibu iliyovaa kanzu.

Mimi nampenda zaidi mtumishi wa Abrahamu, Mwanzo 24. Alikwenda kumtafutia Isaka mke, akasimama kisimani, akaomba: msichana nitakayemwomba maji, naye akasema nitawanywesha na ngamia wako, huyo ndiye. Watu husoma pale kama ni bahati. Mwanamke wa Dodoma aliyewahi kuchota maji hasomi hivyo. Ngamia walikuwa kumi. Ngamia mwenye kiu hunywa hata lita 100. Hizo ni ndoo tano za lita 20 kwa ngamia mmoja; kwa kumi ni ndoo hamsini, kwa mgeni usiyemjua, jioni, bila malipo. Ile ishara ilikuwa kipimo cha tabia. Mzee aliomba na kukagua kwa tendo moja, kisha akakaa kimya akimkazia macho, asiseme neno, mpaka ngamia walipomaliza kunywa.

Omba ishara za namna hiyo. "Bwana, kama mtu huyu ni mwaminifu, nimwone anavyomtendea asiyemfaa kitu."

Hatua ya saba: Amua, na uanze na kinachorudishika

Baada ya siku saba, weka tarehe. Kusubiri bila tarehe ni kuamua hapana kwa uvivu.

Jirani yangu ana zabibu robo ekari Hombolo. Zabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, na baada ya mavuno mzabibu lazima upogolewe. Akipogoa siku mbaya, mvua itakuta maua na ukungu utaingia. Akichelewa, atavuna wakati kila mtu amevuna na bei imelala. Hajawahi kusikia sauti ikimwambia tarehe. Anaomba, anatazama mawingu, anawauliza wenzake, anachukua mkasi. "Moyo wa mtu huifikiri njia yake, bali BWANA huziongoza hatua zake," Mithali 16:9. Hatua ndiyo inayoongozwa, kwa hiyo mkasi lazima ushikwe.

Kama inawezekana, hatua ya kwanza iwe ndogo na iweze kurudi nyuma. Endesha pikipiki ya mtu kwa mwezi mmoja, umpelekee tajiri hesabu, kabla ya kusaini mkataba wako. Lima nusu ekari ya alizeti kabla ya ekari tano. Ndoa haina nusu ekari, ndiyo maana tukasema miezi.

Na useme "Bwana akipenda" kama Yakobo 4:15 inavyotufundisha, lakini useme ukimaanisha anaweza asipende.

Mambo yakiharibika baada ya hapo

Utafuata hatua zote na bado jambo litakuuma. Paulo alizuiwa Asia, akazuiwa Bithinia, akaona maono ya mtu wa Makedonia, akavuka. Uongozi ulio wazi kuliko huo sijui kama upo. Mji wa kwanza aliohubiri huko, Filipi, walimchapa viboko wakamtia gerezani. Hakusema "kumbe hayakuwa mapenzi ya Mungu." Aliimba usiku wa manane.

Kwa hiyo usipime uongozi kwa ulaini wa barabara. Ya Nala yaliharibika nami nilikosea. Tulirudishiwa laki nne tu, kwa mafungu. Kiwanja tulichonunua baadaye upande wa Ihumwa tulikinunua kwa hatua hizi zote, mke wa muuzaji akiwepo, mwenyekiti akiandika kwenye daftari lake. Mwaka mmoja baadaye jirani akajenga ukuta ukaingia kwetu karibu mita moja, mara tatu tukapoteza siku nzima kwenye baraza la kata. Sikununa safari ile. Nilirudi kwenye daftari nikasoma tulivyoamua, nikaona hakuna mahali tulipofumba macho, nikaenda zangu kushona. Sasa ukuta wa nyumba umefika kwenye lenta.

Binti yetu mdogo naye ana daftari lake wiki hii. Amepata nafasi chuo cha uuguzi mkoani Singida, na roho yake inataka ualimu hapa hapa Dodoma. Leo ni siku yake ya nne, ile ya hapana. Baba yake ameshapiga simu chuoni kuulizia ada na kitanda, shangazi ameshasema lake, na halikuwa tamu. Asubuhi nilipofagia nikalikuta daftari wazi mezani. Swali la "Jumatatu nitafanya nini?" lilikuwa limekaa bila jibu tangu Jumapili. Amelijibu: "Nitamsaidia mama kushona sare za shule, Januari iko karibu." Nimelifunga nikaweka kikombe juu yake, upepo wa huku mnaujua.